Bastola ya Bluu

Siku ya kuondoa matanga ilipokaribia, Rosette alifua nguo zote za mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Mashati, suruali, jezi za mpira, shuka la kujifunikia. Koti alilokuwa amevaa siku ile barabarani aliloweka mara mbili, na mara ya pili maji bado yakatoka na rangi, basi akalitia motoni. Ndivyo kwao Bukavu walivyofanya, na ndivyo waliohamia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, wanavyoendelea kufanya: kitu cha marehemu hakigawiwi na jasho lake. Kinafuliwa, kinaanikwa, kinakunjwa, ndipo kinapewa mtu. Ukimpa mtu kitu kichafu cha marehemu, umemfungia na msiba humohumo aende nao nyumbani kwake.

Viatu akavisugua kwa brashi. Redio ndogo akaipangusa kwa spiriti. Ikabaki simu.

Simu hailoweki kwenye beseni. Rosette akaenda nayo Lilongwe, soko la Tsoka, alikokuwa anakwenda hata hivyo kununua uzi, akampa kijana mmoja mwenye meza ya kutengeneza simu.

"Nisafishie," alimwambia kwa Kichewa chake cha sokoni.

"Nje au ndani, amayi?"

"Ndani. Isibaki hata picha."

"Nikishafuta, hakuna kurudi."

"Sijakuomba unirudishie kitu. Nimesema nisafishie."

Kijana akasafisha. Laini ya simu Rosette aliikata mwenyewe papo hapo, kwa mkasi wake wa kitambaa, kwa sababu namba ile ilikuwa bado inaita. Kulikuwa na binamu wa Uvira ambao hawajapata habari, na kulikuwa na msichana fulani aliyejua habari na bado akipiga, akisikiliza, akikata. Namba ya mtu aliyekufa haifai kuita. Vipande viwili vikaanguka kwenye vumbi la Tsoka, naye akalipa, akaenda kuchagua uzi.

Siku ya kuondoa matanga akagawa. Nguo zikaenda kwa wavulana wa kwaya, viatu kwa mtoto wa jirani, redio kwa mlinzi wa kanisa. Simu akampa Odette, binti yake, ambaye alikuwa amemaliza sekondari na kupata nafasi katika chuo kimoja cha uuguzi mjini Lilongwe. Nafasi ilikuwepo, ada ndiyo haikuwepo. Mchungaji alisimama akasema Lévi hakufa, amelala tu katika Bwana.

"Amekufa, mchungaji," Rosette akasema kutoka mahali alipoketi. "Angekuwa amelala ningeshamwamsha."

Watu wakainamisha macho. Walimjua. Huko Bukavu alikuwa na diploma yake ya biashara na meza ofisini. Hapa alikuwa na cherehani chini ya baraza la mabati, na ulimi uleule. Alipozungumza juu ya ajali alisema: alipanda kabaza, baiskeli ya abiria, lori la tumbaku likawagonga, akafa. Hakuongeza neno. Wanawake wa njia yao walikuwa wameanza kumwita Mama Odette, kwa huruma, ili jina la marehemu lisimchome kila akiitwa. Aliwasahihisha mmoja mmoja.

"Mi ni Mama Lévi. Kufa kwake hakukubadilisha nani nilizaa wa kwanza."

Matata alikuja baada ya hapo, asubuhi moja ya upepo, akaikuta cherehani inakwenda. Huyu alikuwa rafiki wa Lévi, mwenyeji wa Kindu. Mama yake, Zena, huuza samaki wakavu pale sokoni kambini. Tangu Rosette na watoto wake walipokuwa wakiishi Biwi, mtaa wa Lilongwe, kabla wakimbizi hawajaambiwa warudi wote kambini, Matata na Lévi walikuwa wakishinda pamoja kwenye kompyuta za kukodi za Apollinaire.

"Mama Lévi, jambo."

"Jambo, Matata. Keti. Usikalie ile kitambaa, iko ya mutu."

Matata akakaa ukingoni mwa benchi. "Mama, telefone ya Lévi iko wapi?"

"Iko na Odette."

"Naweza iona?"

"Juu ya nini?"

"Kuko kitu ya Lévi mule ndani. Kitu ya bei."

"Mule ndani hamuna kitu. Niliisafisha."

Matata akacheka kidogo, kama mtu anayedhani anataniwa. "Kusafisha namna gani, mama?"

"Kusafisha kuko namna ngapi? Kijana wa Tsoka alifuta yote. Laini nilikata na makasi."

Kijana akaacha kucheka. Akainama, viwiko juu ya magoti, akashika kichwa kama mtu aliyepigwa na jua.

"We mutoto, sema," Rosette akasema, mguu bado ukikanyaga cherehani.

"Mama, Lévi alikuwa na bastola."

Cherehani ikanyamaza.

Kuna maneno ambayo mama wa Kivu hawezi kuyasikia akiwa ameketi. Rosette alikuwa amesimama kabla ya kujua kwamba amesimama. Baba yake Lévi alichukuliwa na watu wenye bunduki, mlangoni, sahani yake ya ugali ikiwa bado ina moshi, na kilichowaleta Malawi wote watatu ni bunduki hizohizo.

"Ya muchezo, mama," Matata akasema upesi, mikono juu. "Ya ku kompyuta. Haina risasi. Ni picha tu. Rangi."

"Picha ya bunduki njo kitu ya bei?"

"Ile ya Lévi, ndiyo. Mama, ile bastola inaweza lipa shule ya Odette mpaka avae kofia ya nesi. Na inabakisha."

Rosette akaketi tena. Aliyemjia kichwani hakuwa Odette. Alikuwa Lévi, akiwa amesimama palepale alipoketi Matata, jioni moja mvua ikinyesha, simu mkononi, uso umemjaa furaha. Maman, ona hii kitu. Rosette alikuwa na sindano mdomoni. Akaona mtutu na kifyatulio, na hakuona kingine. Bunduki? Mu nyumba yangu? Toa. Lévi akageuza simu akaitia mfukoni. Alikuwa mtoto msikivu. Hakumwonyesha tena.

"Kama ni ya Lévi, njo yetu," alimwambia Matata. "Twende tuitoe."

*

Chumba cha Apollinaire kiko Biwi, nyuma ya duka la unga. Ni kompyuta zilizopangwa ukutani, feni moja, na tangazo la kuwakataza watu kula humo. Apollinaire naye ni wa Bukavu, mtu wa kwaya, mpole hadi anakera.

"Karibu, Mama Odette. Pole tena."

"Mama Lévi."

"Pole, Mama Lévi."

"Onyesha hiyo kitu."

Matata akaandika jina ambalo Lévi alilitumia mchezoni. Ikaja picha yake, ya kitambulisho cha shule, sikio moja limesimama kuliko lingine. Rosette hakuwa ameitegemea. Alishika ukingo wa meza, akaachia. Chini ya picha ndipo palikuwa na vitu vyake, na kati ya vitu hivyo bastola. Apollinaire akaikuza mpaka ikajaa kioo. Mtu yeyote duniani aliweza kuiona, akaeleza, maana Lévi aliiacha wazi. Kuitazama hakuhitaji ruhusa. Kuihamisha ndiko kulikohitaji.

Ilikuwa ya chuma kilichopitishwa motoni, rangi zile zinazotokea sufuria ikiungua: manjano, zambarau, na bluu. Ila hii ilikuwa bluu tupu, toka mdomo wa mtutu mpaka mwisho, bluu isiyo na doa.

"Hii sasa ni nyingine, aina ileile," Apollinaire akasema, akaweka picha ya pili pembeni. Ya pili ilikuwa ya manjano chafu, bluu kidogo tu pale pa kuweka kidole. "Hii bei yake ni ya soda na mkate. Ya Lévi watu wanaigombania."

"Ni kitu kimoja," Rosette akasema.

"Ni kimoja, mama, lakini..."

"Ngoja."

Akavaa miwani. Akazitazama kama anavyotazama kitenge dukani, si maua, bali nafasi kati ya maua. Akamwamuru Apollinaire amletee ya tatu, na ya nne. Kila moja rangi zilizunguka kwa mpango uleule, bluu ikifuata zambarau, zambarau ikifuata manjano, lakini zilianzia pengine.

"Ni kitambaa kimoja," alisema. "Imekatwa mahali pengine. Fundi amelaza karatasi ya mtindo akiwa amefunga macho. Mara nyingi inaangukia kwa manjano. Hii moja ikaangukia kwa bluu."

Matata na Apollinaire wakatazamana.

"Njo vile Lévi alikuwa anatuelezea," Matata akasema taratibu. "Maneno ileile, mama. Alisema kompyuta inakata bila kuangalia, inapiga namba tu, moja mpaka elfu, na namba njo inasema kitambaa itakatwa wapi. Batu banaangalia jina ya bastola na bei. Yeye anaangalia imekatwa wapi. Tulikuwa tunamucheka. Tunacheza, yeye eko anafungua bastola za batu, moja moja, anaangalia, anafunga. Tulikuwa tunamuita tailleur, fundi wa nguo."

"Alinunua na nini? Mi sikumupa kitu."

"Alianza na vitu ya bure, ile muchezo inatupatia. Anabadilisha kidogo kidogo. Hii bastola ilikuwa na mutu wa Brezili. Huyo mutu aliiuza bei ya manjano. Hakuigeuza."

Rosette alikuwa ameiona meza yake ya zamani, hapohapo Biwi, nyumba ya tatu toka bombani. Alikuwa ametandika kitenge cha ndege wakubwa, amelaza karatasi, chaki mkononi, na Lévi, meno ya mbele hayajaota, ameegemeza kidevu juu ya meza. Maman, sogeza. Ndege iangukie kifua. Hapa unamukata kichwa. Alisogeza ili anyamaze, na gauni lilipotoka, mwenye gauni alirudi na dada zake watatu. Baada ya hapo alikuwa akimwita kila anapokata. Wateja walisema wanataka ile kata ya mtoto. Kisha Lévi akakua, akawa na marafiki, akaacha kuegemea meza, naye akadhani jicho lile limepotea kama yanavyopotea mambo ya utotoni.

"Igeuze," alisema.

Apollinaire akaigeuza. Upande wa pili nao ulikuwa bluu, isipokuwa uzi mwembamba wa dhahabu karibu na kishikio.

"Hapo angesogeza kidogo," Rosette akasema. "Haya. Inatoka namna gani?"

Hapo ndipo pakawa pagumu. Ili kitu kitoke mikononi mwa mwenyewe, simu ya mwenyewe lazima iseme ndiyo. Apollinaire alieleza huku akitazama kibodi. Ile simu ilikuwa na kifunguo ndani yake, na kifunguo hicho hufutika simu ikifutwa. Kingeweza kutengenezwa kingine, kwa ujumbe unaoletwa kwenye namba ya mwenyewe.

"Namba niliikata."

"Unaweza kuomba laini mpya ya namba ileile, mama. Kwenye ofisi yao."

"Basi tunaenda."

Walikwenda siku hiyohiyo. Rosette alikuwa na cheti cha kifo mkobani, amekikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Dada wa kaunta alikuwa na adabu. Aliandika namba, akasoma, akauliza kama wanamjua mama fulani, akataja jina. Rosette alimjua: alikuwa mwenye nyumba wao wa Biwi. Lévi alipotaka laini hakuwa na karatasi ya kuisajilia, na yule mama akaisajili kwa kitambulisho chake. Wengi wao walifanya hivyo.

"Basi aje yeye," dada akasema.

"Yeye yuko Joni, Afrika Kusini. Aliuza nyumba, akafuata watoto wake. Mwenye kuitumia ni mwanangu. Amekufa. Hiki hapa cheti."

Dada akakisoma chote, polepole, mpaka mhuri. Akakirudisha kwa mikono miwili.

"Pepani, amayi, pole sana. Kwa karatasi zetu, aliyekufa siye mwenye laini."

Ikabaki kuandika kwa wenye mchezo. Apollinaire alitunga barua kwa Kiingereza, Rosette akaisahihisha, maana alikuwa ameweka machozi mengi. "Toa hii ya mama mujane. Toa na hii ya wakimbizi. Sema: mwenye akaunti amekufa, mimi ni mama yake, hiki cheti, nataka kitu chake. Kwisha." Jibu lilikuja baada ya wiki. Walitoa pole. Walisema akaunti ni ya mtu mmoja na hairithiwi. Walitoa pole tena.

"Basi bafute," Rosette akasema. "Kama haiwezi kwenda kwa mutu, bafute. Kitu haikai ovyo."

"Hawafuti, mama. Inabaki."

"Inabaki na nani?"

Apollinaire akasita. "Na Lévi."

Alirudi Dzaleka, akashona. Sare za shule, suruali za watu wa kwaya, gauni la arusi la binti mmoja aliyekuwa akificha mimba. Odette alimuuliza mara moja tu. Rosette akamjibu: "Nilisafisha kile ambacho hakikuwa cha kusafishwa." Odette akasema, "Hata mi ningekupa uisafishe, maman." Hawakuzungumza tena juu ya hilo. Lakini usoni pa mama mtu paliingia kitu. Akiwa anakata kitambaa alikuwa akisimama ghafla, karatasi mkononi, kana kwamba anangoja kuambiwa asogeze.

*

Mara ya mwisho Matata alikuja mbio.

"Mama Lévi, twende ku Apollinaire. Kuko mutu anataka kuongea."

"Mutu gani?"

"Wa Denmark. Ananiandikia mi, juu anajua nilikuwa nacheza na Lévi. Alikuwa anaiomba ile bastola kila siku, wakati Lévi..." Akameza neno.

"Wakati Lévi alikuwa hai. Sema, haikuumi mdomo."

"Wakati alikuwa hai. Lévi alimukatalia. Anasema kuko njia ya kukusaidia."

Rosette alichukua mkoba, cheti kilikuwa bado ndani. Njiani aliligeuza neno lile kichwani. Njia ya kusaidia: Odette alikuwa ameandikiwa na chuo kwamba wanamngoja mpaka mwisho wa mwezi, basi.

Biwi, Apollinaire akawavutia viti. Matata akafungua maandishi ya yule mtu, akayasoma kimya, akamtafsiria kwa kituo. Mtu alisalimu. Aliuliza kama mama yuko hapo. Alisema ameona kwamba mwenye bastola hajaingia mchezoni kwa muda mrefu, na amesikia uvumi.

"Uvumi," Rosette akasema.

"Anasema za namna hii, zenye namba hii, ni nne tu, dunia nzima. Moja iko na mutu wa China, moja na mutu wa Amerika, moja iko na yeye. Na hii ya Lévi."

"Haya."

"Anasema kama mwenyewe amekufa na hakuna anayeweza kuitoa, batu wa kukusanya hizi vitu bataihesabu imepotea. Itakuwa haipo tena. Zitabaki tatu."

"Kisha?"

Matata akasoma tena, midomo ikicheza, kama mtu anayetafuta namna nyingine ya kuyasema. Hakuipata.

"Zikibaki tatu, bei ya zile tatu inapanda, mama. Sana. Lakini batu habaamini uvumi. Banataka hakika. Anaomba picha ya cheti ya kifo. Ukimupa, atakutumia zawadi. Anasema anajua ni wakati mugumu. Zawadi yenyewe..." Akataja. Haikuwa bei ya bastola, wala hata kivuli chake. Ilitosha mwaka wa kwanza wa Odette, na sare, na kitanda cha bweni.

Feni ilikuwa ikigeuka. Kwenye kompyuta ya pili mtu alikuwa akigonga kibodi kwa nguvu. Apollinaire alianza kusema, kwa sauti yake ya kwaya, kwamba kwa kweli hakuna dhambi ndani yake, ni karatasi ya ukweli, na mtoto atasoma. Rosette akamzuia kwa kiganja.

Akatoa mkobani ule mfuko wa plastiki, akakitoa cheti, akakinyoosha juu ya meza. Matata akatoa simu yake apige picha. Jina lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa herufi kubwa. Alikuwa amelionyesha jina hili kwa polisi, kwa ofisi ya kambi, kwa chumba cha maiti, kwa dada wa kaunta. Alikuwa amelisema neno "amekufa" mara nyingi mpaka likawa kama sindano, kitu cha kazi, unakishika bila kukitazama. Kwa mchungaji alilisema. Kwa binamu wa Uvira alilisema. Watu wote aliowaambia walishika vichwa vyao, au walinyamaza, au walikaa chini.

Huyu wa Denmark angesimama kwa furaha.

"Nionyeshe kwanza ile kitu," alisema.

Apollinaire akaileta. Bluu ikajaa kioo, safi vilevile.

"Haijachakaa," Rosette akasema.

"Haichakai, mama," Matata akajibu. "Ikitoka imechakaa, inabaki imechakaa. Ikitoka mupya, njo mupya milele. Hata ukiitumia."

Rosette alitazama upande huu. Akaomba upande wa pili. Uzi wa dhahabu ulikuwa palepale, karibu na kishikio, na akaona sasa kwamba asingesogeza. Angeuacha hivyohivyo. Lévi aliuona akauacha, alikuwa sahihi. Alikaa akitazama mpaka Apollinaire akaanza kujikuna shingo. Kisha akakikunja cheti kwa mikunjo yake ya zamani, akakirudisha mfukoni, mfuko mkobani.

"Andika," alimwambia Matata.

"Niandike nini, mama?"

"Mwambie: mwenyewe, Lévi, hauzi."

Matata akamgeukia. "Mama, haulizi juu ya kuuza. Anauliza kama..."

"Nimesikia anauliza nini. Kizungu kidogo mi najua. Andika vile nimesema. Mwenyewe hauzi."

"Na Odette, mama?" Apollinaire akauliza polepole.

"Odette ana mama mwenye cherehani. Atachelewa. Nitamwambia mimi mwenyewe kwa nini, na akitaka kunikasirikia atanikasirikia." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, ingawa haikuwa na vumbi. "Andika."

Matata akaandika. Neno moja moja, kidole kimoja, kama mtu anayejifunza. Wakangoja. Huko kwa yule mtu ilionekana anaandika, akaacha, akaandika tena. Bastola ilikuwa bado wazi pembeni, na juu yake ile picha ya shule, sikio moja limesimama kuliko lingine.

Jibu likaja. Matata akalisoma, akajipangusa pua kwa mkono.

"Anasema nini?"

"Anasema sawa. Anasema: basi, mwambie Lévi nitamuuliza tena mwezi ujao."

Rosette akafunga mkoba wake.

"Aulize," akasema.